Mama Mkwe Hajalala Tangu Kambi ya Kwanza

Usiku wa jana niliota kambi zangu zote tatu ziko wazi kama uwanja wa mpira, na ndani ya mtumbwi yumo mama mkwe.

Kwa asiyejua ukubwa wa tatizo hilo, nieleze. Kwetu sisi mwanamume hamwoni mama mkwe wake akiwa amelala. Hata kwa bahati mbaya. Hata kama ana homa na amelala kwa amri ya daktari. Yeye naye hakuoni ukitafuna, wala ukiwa kifua wazi. Nyumbani ni jambo jepesi, nyumba ina kuta. Mto hauna kuta.

Mama mkwe wangu anaitwa Bi Otilia. Anataka kwenda Lugonga, kijiji alichozaliwa, chini kabisa ya mto, akamwone dada yake Bi Skola. Katika watoto wote wa nyumba yao wamebaki wao wawili, na Bi Skola hatoki tena kitandani. Gari halifiki Lugonga. Kati yake na sisi kuna pori tupu, matete na viboko, hakuna nyumba hata moja. Kwa hiyo ni mtumbwi, na mwenye mtumbwi katika familia hii ni mimi.

Bi Otilia amekuja kwetu tangu Jumapili na mfuko wake umeshafungwa. Analala chumba cha pili, ukuta mmoja na sisi.

"Mama anasema hii ni mara ya mwisho," mke wangu Kandida aliniambia. "Ukimwaibisha huko mtoni, baki huko huko, wewe na mtumbwi wako."

Nikapanga safari kwa njia ninayoijua. Shule niliacha darasa la tano, mambo ya ramani sikuyafikia. Nilichukua kamba ya katani nikaitandaza sakafuni sebuleni, kutoka mlangoni hadi kwenye kabati la vyombo. Mlango ni nyumbani, kabati ni Lugonga. Nikafunga mafundo matatu, kila fundo kambi moja. Siku nne njiani, kambi tatu. Nikamwita Kandida aone.

"Na siku inaishia wapi?" akauliza.

"Siku inakwisha mama akishalala kambini," nikamwambia. "Si kabla. Mimi silazi watu njiani."

Nikaiacha kamba pale pale sakafuni, nikaenda kulala nimeridhika.

Ndotoni tuko kwenye mtumbwi, tunateleza juu ya sakafu ya sebule yetu. Sakafu ni ile ile nyekundu, ila ina maji yanayofika kiunoni. Kandokando, ndani ya matete, yamesimama makochi na vitambaa vyake. Mimi nimesimama nyuma na pondo, ule mti mrefu tunaosukumia mtumbwi. Mama mkwe amekaa mbele, kanga kichwani, amenipa mgongo kama inavyotakiwa. Kandida, aliyepaswa kukaa katikati apeleke maneno huku na huko, ameshuka kununua chumvi. Porini hakuna duka. Ameshuka tu.

Tunafika kwenye fundo la kwanza. Lina ukubwa wa ng'ombe. Nyuma yake kuna fungu la mchanga jeupe, bapa, halina hata kijiti.

"Karibuni," mchanga unasema. "Mimi ni kambi ya kwanza."

"Huna kichaka?" nauliza.

"Nilipangwa bila kichaka."

"Hata kichuguu?"

"Bwana, aliyenipanga ni wewe. Mimi nimelala hapa kama ulivyonitaka."

Tunashuka. Natandika turubai. Mama mkwe anakaa juu yake, mgongo wima, mikono mapajani, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Halali. Namwona kabisa kwamba amechoka, kwa sababu mabega yanataka kushuka na yeye anayakatalia.

Pondo linakohoa. "Kwa kuwa mama Beata amekwenda kununua chumvi," linasema, "maneno nitapeleka mimi."

Beata ni binti yetu wa kwanza. Kwa jina lake mama mkwe huniita mimi.

"Mwambie mama apumzike," nasema.

Pondo linamgeukia mama mkwe, ambaye yuko hatua mbili kutoka kwangu na masikio yake ni mazima. "Baba Beata anasema upumzike."

"Mwambie baba Beata nimepumzika."

"Anasema amepumzika."

"Mwambie kukaa si kupumzika."

"Anasema kukaa..."

"Nimesikia," anasema mama mkwe. "Mwambie sijasikia."

Basi naamua nimpe mgongo, alale, mimi nitazame mto mpaka asubuhi. Nageuka. Jua liko nyuma yetu, ni jioni, na vivuli vya jioni mnavijua. Kivuli cha mama mkwe kimetoka pale alipokaa, kimepita kando yangu, na sasa kiko mbele yangu mchangani, kirefu, kimelala chali.

"Umemwona," mchanga unasema.

"Ni kivuli."

"Ni cha nani?"

Nafumba macho.

"Mwambie baba Beata akifumba macho mtumbwi utasukumwa na nani," anasema mama mkwe.

Pondo linapeleka maneno. Nafumbua. Na hapo ndipo naona kwamba jua halijasogea. Limeegemea juu ya matete, saa kumi na moja, jekundu, limekunja uso.

"Mbona huzami?" naliuliza.

"Nitazamaje?" Lina sauti ya mtu aliyeshinda kwenye foleni ya maji. "Ulisema siku inakwisha mama akishalala. Amelala? Hajalala. Nimekaa saa kumi na moja hapa tangu juzi. Upande wa pili wa dunia kuna watu wanangoja asubuhi, wananitukana mimi na ukoo wangu."

"Ile ilikuwa namna ya kusema tu."

"Ulimwambia mkeo mbele ya kamba."

Hakuna kubishana na jua. Nakunja turubai, tunaondoka kwenda kambi ya pili, jua linatufuata kwa nyuma likikokota miguu.

Kwenye fundo la pili anatusubiri kiboko. Ametoa kichwa na mabega, amesimama kwenye maji kama mzee wa kanisa anayekusanya sadaka.

"Msipige kambi hapa," anasema. "Hii ni njia yangu ya kwenda malishoni."

"Tutapisha ukipita."

"Sipiti. Naona una mama mkwe."

"Umemjuaje?"

"Simjui. Nimekuona wewe ulivyoshika huo mti, kama mtu aliyebanwa na mkojo barazani. Hata mimi ninaye." Anageuza sikio moja kuelekea kwenye matete. Kule kuna masikio mengine mawili, makubwa, yenye nywele nyeupe. "Unadhani kwa nini tunashinda ndani ya maji mchana kutwa?"

"Ngozi," nasema. "Wanasema mkikaa juani ngozi inapasuka."

"Wanasema. Si ngozi. Ni aibu."

Anazama. Nahesabu pumzi. Anaibuka tena, ametazama upande mwingine.

"Sisi tuna utaratibu," anasema. "Yeye akilala kule, mimi nalala huku. Katikati tunaweka kona."

"Kona gani?"

"Ya mto, bwana! Mto unajikunja, yeye yuko nyuma ya mkunjo, mimi niko mbele yake, kila mtu analala kwa amani. Mto huu ulikuwa na kona mpaka kizunguzungu. Umezipeleka wapi?"

Nageuka kutazama tulikotoka. Mto umenyooka. Umenyooka kama msumari, kutoka hapa hadi kwenye mlango wa nyumba yangu, na mlangoni namwona Kandida akipokea chumvi kutoka kwa mtu asiyekuwepo.

Hapo nikaelewa. Safari zangu ndefu zote nimezifanya wakati wa masika. Masika maji yanafunika mbuga nzima, mtumbwi unapita juu ya majani, unakata moja kwa moja, kona hata huzioni, ziko chini huko na kambale. Sasa ni kiangazi. Maji yamerudi kwenye njia yake, na njia ya mto huu ni kama utumbo wa mbuzi. Mtu yeyote wa mtoni anajua hivyo. Hata mimi najua hivyo. Lakini kamba ikinyooka inatoa siku nne, na mimi nilizipenda siku nne, kwa sababu baada ya hapo mavuno yanaanza na mpunga wa kusomba ndio unaonilisha mwaka mzima. Nikichelewa, mashamba yote yatasombewa na Mpangile. Mpangile ana mtumbwi mkubwa kuliko wangu na mdomo mkubwa kuliko mtumbwi wake.

"Ulijua," pondo linasema.

"Wewe peleka maneno ya watu."

"Hilo ni la kwako. Nimekuletea."

"Kona wako barazani," kiboko anasema. "Wamekwenda kulalamika. Ukiwaona, mwambie yule mwenye mti wa mkuyu kwamba namsalimia." Kisha masikio ya kule kwenye matete yakasogea kidogo na kiboko akazama bila kuaga.

Sasa tuko barazani. Mtumbwi umeingia kwa mlango wa mbele na kuegeshwa kati ya mabenchi. Mama mkwe bado amekaa kwenye ncha yake, wima. Jua limeingia nasi, limekaa dirishani.

Mabenchi yamejaa kona. Kama hujawahi kuona kona ya mto akiwa amekaa, ni kama mtu mwenye maumivu ya kiuno. Hana mahali palipo wima. Wako sita. Kila mmoja ana furushi miguuni, na kila furushi linavuja maji, matope na vidagaa. Sakafu imelowa. Karani anapanga ndoo.

Mkubwa wao ni mwanamke mnene, amekaa peke yake kwenye benchi la watu wanne.

"Mimi ni Kona ya Sufuria," anasema. "Naitwa hivyo kwa kuwa kuna sufuria ya watu ilizama kwangu. Bado ninayo. Wewe ndiye uliyetunyoosha?"

"Ni kamba."

"Kamba ilijitandaza yenyewe?"

Mabenchi yanacheka. Kicheko cha kona kinaanzia upande mmoja wa chumba, kinazunguka, kinakuja kukupiga kisogoni.

Kona mwembamba ananyanyuka. "Mimi nina mamba wawili na mti wa mkuyu ulioangukia majini. Miaka yote watu wakinifikia wanapunguza mwendo, wananong'ona, wananiheshimu. Huyu amenipita kwa kidole cha mguu!"

"Kidole cha mguu?" anauliza Kona ya Sufuria.

"Alikuwa anaisawazisha kamba kwa mguu. Amesimama. Anakunywa chai."

Ni kweli. Ilikuwa chai ya tangawizi.

"Kiboko anakusalimia," namwambia.

"Usinichanganye na habari za kiboko," anasema, lakini anakaa.

Pondo linajipangusa matope, linasogea mbele, linapiga goti, jambo ambalo kwa mti si rahisi. Linasema kwa sauti ya mshenga kabisa. "Wazee, hatukuja kwa ugomvi. Tumekuja kuomba. Tuna mama yetu hapa, anataka kwenda kwao, na hana mahali pa kulala njiani. Tunaomba mrudi nyumbani."

Kona wananong'ona. Kunong'ona kwao kunachukua muda kwa sababu neno linazunguka kila mmoja wao. Kisha Kona ya Sufuria anasema:

"Tunataka jogoo."

"Yupo," nasema.

"Na chandarua."

"Tunacho kimoja tu."

"Basi nusu."

"Nusu chandarua mtafanyia nini?"

"Kona ana mbu upande mmoja tu. Upande wa pili maji yanakwenda kasi. Halafu tunataka siku."

"Siku gani?"

"Zako. Sisi hatuli wali. Kona anakula siku. Kila mmoja wetu nusu siku, tuko sita. Hesabu mwenyewe."

Nahesabu. Siku tatu juu ya nne.

"Siwezi," nasema.

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki. Nina siku nne. Mpunga haunisubiri. Mpeni mama kona mmoja tu, mdogo, tutambeba, tutamtumia kila kambi."

"Kona wa kukodi!" anasema yule mwembamba. "Mmesikia?"

Kona ya Sufuria hakasiriki. Anafunga furushi lake taratibu, na wenzake wanafunga yao. Karani anaanza kuzima taa, ingawa jua liko dirishani. Pondo linanitazama vibaya. Mshenga akirudi mikono mitupu aibu ni yake.

Mlangoni Kona ya Sufuria anasimama. "Huyo mama mnayemwombea ni nani hasa?"

"Mama mkwe wangu. Bi Otilia."

"Otilia simjui. Mama, hebu geuza uso."

Mama mkwe anageuka. Anashusha kanga kidogo. Kona ya Sufuria anamtazama, anasogea, anamtazama tena. Furushi linamdondoka, kambale wanatawanyika sakafuni.

"Kijiko!"

"Kijiko?" anasema yule mwembamba. "Kijiko wetu?"

Chumba kizima kinapiga kelele. Kijiko! Kijiko huyu! Amekuwa mtu mzima! Kona aliyekuwa ameshatoka nje anarudi kupitia dirishani, analisukuma jua pembeni.

"Huyu," Kona ya Sufuria ananiambia, machozi yakimtoka na mengine ni maji ya kawaida, "alikuwa anatembea na kijiko chake mwenyewe, amekichomeka kiunoni. Nyumba yoyote inayopika, yeye ameshafika. Haombi. Anatoa kijiko. Yeye na dada yake Skola wanakuja kwangu na kimtumbwi chao kuosha vyombo, wanagombana, sufuria inazama. Ni ya kwake ile sufuria!"

"Mnayo bado?" anauliza mama mkwe.

"Ina kambale ndani siku hizi. Ana watoto."

"Mwacheni."

Akacheka. Tangu nimuoe Kandida sijawahi kumsikia mama mkwe akicheka bila kujifunika mdomo.

"Skola bado anakuita Kijiko?" wanamuuliza.

"Ni yeye tu aliyebaki wa kuniita hivyo," anasema. "Wengine wote wamekufa. Akienda yeye, hakuna tena."

Alisema hivyo moja kwa moja, mbele yangu, bila kumpa mtu apeleke. Pondo halikurudia.

Hapo namwona mama mkwe kichwa kinamshuka. Kinashuka taratibu, kinafika kifuani, anashtuka, anakinyanyua, ananyoosha shingo, anaweka mikono mapajani. Kinashuka tena. Amekaa hivyo tangu kambi ya kwanza. Jua lina siku ngapi limesimama, na yeye siku hizo hizo amekaa wima juu ya mbao, kwa ajili yangu. Ili mimi nisione.

Natazama pembeni haraka.

"Tafadhali," jua linasema kutoka dirishani. Halinitukani tena. Limechoka tu.

"Amua, baba Beata," Kona ya Sufuria anasema. "Mpunga au Kijiko?"

Mimi si mtu wa maneno mengi. "Kuleni siku zenu," nasema.

"Zote tatu?"

"Zote tatu."

"Na jogoo?"

"Na jogoo. Mwizi mkubwa wewe."

"Na Mpangile asombe?"

"Asombe mpaka mgongo umkatike."

"Hilo tutalitazama," anasema Kona ya Sufuria. "Anapitaga kwangu."

Kona wanapanda mtumbwini, wote sita, na mafurushi yao. Mtumbwi unashuka mpaka maji yanalamba ukingo. Tunatoka barazani, na tunapotoka mto unaanza kujikunja. Sakafu ya sebule inajipinda. Kabati la vyombo, lililokuwa mbele yetu, linahamia kushoto, kisha kulia, kisha nyuma, kisha halionekani tena. Makochi yanapishana ndani ya matete. Mlango wa nyumba umepotea. Kandida amepotea na chumvi yake.

"Kushoto," anasema kona. "Sasa kulia. Sasa kushoto. Sasa kushoto tena, mimi niko wawili."

Nasukuma. Pondo linalalamika mgongo. Mama mkwe na Kona ya Sufuria wanaongea mbele huko, wanawasema watu waliokufa zamani, wanacheka. Mimi sisikilizi. Sehemu nyingine nasikiliza.

Kwenye kambi, kona mmoja anashuka, anajilaza chini katikati yetu, tumbo kule, mgongo huku, anajifunika nusu chandarua. Kwa mwili wake amefanya ukuta wa matete na kingo za udongo. Mama mkwe anachukua turubai lake, anazunguka kona, anatoweka.

Mimi nabaki upande wangu. Navua shati. Natafuna samaki wa kukaanga kwa sauti kubwa, kwa sababu naweza.

Baada ya muda pondo linakohoa. "Mama..." linasema.

"Mama anasemaje?"

"Hasemi kitu. Anakoroma."

"Hilo usiniletee!"

"Sijakuletea. Sijasema."

Jua likazama. Halikuzama taratibu kama siku zote, lilianguka nyuma ya matete kama gunia linalotupwa kutoka kwenye lori. Kutoka upande wa pili wa dunia, mbali kabisa, nikasikia majogoo wa watu wakianza kuwika. Nikatandika shati mchangani.

"Amka," anasema Kandida. "Unaongea peke yako. Amka, jua limeshatoka."

Nikafungua macho. Niko kitandani kwangu. Kandida amesimama mlangoni na ufagio.

"Ile kamba yako niiondoe?" anauliza. "Nataka kufagia."

"Usiiondoe. Nitaipanga upya." Nilikuwa bado na usingizi kinywani. "Mwambie Kijiko ni siku saba."

Ufagio ukasimama.

"Mwambie nani?"

"Mama. Mwambie mama ni siku saba, siyo nne. Tutafuata kona."

"Umesema Kijiko." Akaingia, akafunga mlango, akashusha sauti. "Baba Beata, nani kakwambia jina hilo? Mimi mwenyewe nililisikia mara moja tu, kwa mama mkubwa Skola, nikiwa mtoto. Mama alinikataza kulitamka. Hata marehemu baba hakulijua. Nani kakwambia?"

Nikakaa kitandani natafuta shati.

Kutoka upande wa pili wa ukuta mtu alikohoa. Kisha sauti ya mama mkwe, ya mtu aliyelala vizuri, ikasema polepole, kila neno mahali pake:

"Kandida. Mwambie baba Beata sufuria ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya Skola. Kona yule ni muongo tangu zamani."

Kandida alinitazama. Akautazama ukuta. Akanitazama tena, mdomo wazi, na kwa mazoea tu akaanza, "Mama anasema sufuria..."

"Nimesikia," nikamwambia. "Mwambie sijasikia."

Nikanawa uso, nikaenda sebuleni nikapiga magoti, nikaikunja kamba mara sita kati ya mlango na kabati. Haikutosha, nikaunganisha nyingine. Nikafunga mafundo mapya, kila fundo nyuma ya mkunjo. Nikachukua mkasi wa Kandida nikakata chandarua katikati, nusu ya mama mkwe na nusu ya kwangu. Nikatoka kwenda kwa Mpangile kumwambia asombe yeye mwaka huu, na akanipigia mdomo mbele ya wateja wake kama nilivyotegemea.

Tunaondoka kesho. Mpaka sasa safari imenigharimu hivi: siku tatu za ziada za kwenda, na za kurudi bado sijaziwazia. Mpunga wa msimu mzima. Chandarua kizima, maana nusu mbili si chandarua. Na jogoo, ambaye tangu asubuhi hajawika na bandani hayumo, bali kuna tope bichi la mtoni mbele ya mlango wake, na kidagaa kimoja.